Jiwe Lililowafunga Madereva Saba

Mwaka 1957 hapakuwa na mtu mjini Mwanza aliyesema "mimi" mara nyingi kwa siku kama Josephat Nkwabi, na hakuna hata "mimi" moja iliyokuwa yake. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Mshtakiwa akisema kwa Kisukuma au kwa Kiswahili kwamba mimi sikuiba, Nkwabi humgeukia hakimu Mzungu na kusema kwa Kiingereza: mimi sikuiba. Kwa miaka sita alikuwa ameiba ng'ombe, amechoma nyumba, amepigana vilabuni na kupasua watu vichwa, kisha jioni akavua koti, akapanda baiskeli na kurudi Mirongo kwa mkewe Wilhelmina akiwa mtu safi asiye na kosa.

Kesi za barabarani hakuzipenda. Zilikuwa fupi na zilifanana. Nyingi zilitoka mahali pamoja, barabara ya Shinyanga, ukishaiacha Buhongwa kuelekea Misungwi. Hapo barabara iliteremka kilima kwa kasi, na chini ya mteremko palikuwa na jiwe kubwa kama nyumba tatu, la mviringo, limelala ukingoni kama mnyama aliyeshiba. Watu waliliita Kiboko. Waliochonga barabara walipolifikia waliona uvivu kulivunja, wakalizunguka. Basi anayetoka Mwanza hamwoni anayetoka Misungwi mpaka wamekutana pua kwa pua. Upande wa pili wa njia kulikuwa na korongo, kwa hiyo hata wa kukwepa hakuwa na pa kukwepea. Na palepale walipita wote: malori ya pamba, mabasi, ng'ombe wa mnadani, baiskeli za samaki, na akina mama na vikapu vyao.

Mwezi wa sita mwaka ule aliletwa kizimbani dereva mmoja wa mjini, Bilali, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye kofia aliyoikunja mkononi mpaka ikawa kama kamba. Lori lake lenye pamba lilikuwa limemgonga mwanamke aitwaye Tereza, mama wa watoto watatu, aliyekuwa akipeleka michembe sokoni Buhongwa. Alikufa papo hapo, na viazi vyake vikavu vilitapakaa njiani mpaka kesho yake.

Hakimu alikuwa na haraka. Alimuuliza Bilali ilikuwaje.

"Bwana Hakimu," Bilali alisema, "pale Kiboko sisi madereva wote tunapajua. Ukiteremka, mchanga unakuvuta, breki hazikamati sawasawa. Nilipiga honi tangu juu. Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Lakini jiwe limeziba njia yote, na majani yameota hadi barabarani. Yule mama alikuwa anatembea pembeni kabisa ya jiwe kwa sababu upande wa pili ni korongo. Sikumwona mpaka nimefika."

Nkwabi alifungua mdomo. Maneno ya Kiingereza yalikuwa tayari ulimini, yamelainika kwa kutumika: sikumwona mpaka nilipofika. Basi. Na hapo ndipo aliposhtuka. Sentensi ile alikuwa amekwisha kuisema mara sita, katika chumba kilekile, mbele ya kizimba kilekile. Madereva sita walikuwa wamesimama pale wakaeleza habari ya mteremko, mchanga, korongo na jiwe, na yeye, kwa kuwa hakimu hupenda majibu mafupi na huigongagonga meza kwa kalamu, aliyakata yote akatoa neno moja tu: sikumwona. Mtu asiyeona ni mzembe. Mzembe hufungwa. Wote sita walifungwa.

Safari hii alisema yote, mchanga, korongo, honi, majani. Hakimu akagonga meza kwa kalamu.

"Nilitaka jibu, sikutaka hadithi," alisema.

Akaitwa shahidi. Alikuwa Ng'washi, mama mzazi wa Tereza, mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa kaniki na hakutaka kukaa. Nyumba yake ilikuwa mwendo mfupi kutoka pale jiweni. Aliulizwa kwa Kiingereza, Nkwabi akamuuliza kwa Kisukuma: je, alimwona mshtakiwa akimgonga binti yake?

Ng'washi hakumtazama hakimu. Alimtazama Nkwabi machoni.

"Mwanangu, mwambie huyo mkubwa hivi. Nimezika mtoto wangu mmoja pale. Nimesaidia kuokota watu wengine kumi na mmoja pale, mimi na majirani zangu. Kila mara mnamleta dereva hapa mnamfunga, na mwezi ujao anakuja dereva mwingine, naye anaua. Huyu simjui, sina ugomvi naye. Jiwe mmelifanya nini?"

Nkwabi aliyatafsiri neno kwa neno, hata lile la mwisho. Uso wa hakimu ukawa mwekundu.

"Mwambie shahidi ajibu swali."

"Amejibu, Mheshimiwa," Nkwabi alisema.

"Nini?"

"Amejibu. Na anasema kweli. Hii ni kesi ya saba ya pahali palepale. Nimezitafsiri zote mimi."

Karani aliinua kichwa. Askari wa mlangoni aliacha kupiga miayo. Hakimu aliweka kalamu chini taratibu.

"Nani anayesema sasa? Ni shahidi au ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Nkwabi.

"Mkalimani hana mimi," alisema hakimu, kisha akaamuru aletwe mkalimani mwingine.

Bilali alipata miezi kumi na minane pamoja na kazi ngumu, na leseni yake ikafutwa. Nkwabi alipata barua baada ya wiki mbili. Ilikuwa fupi. Alitakiwa kukabidhi koti.

Wilhelmina aliisoma ile barua akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja una unga wa muhogo.

"Umefiwa na nani pale?" aliuliza.

"Sijafiwa."

"Shangazi yako? Mtu wa ukoo?"

"Hakuna."

"Basi mtu anatupa kazi ya serikali kwa sababu ya jiwe ambalo hata halijamgusa?"

Swali hilo aliulizwa miaka mingi baadaye na watu wengi, na kila mara lilimchoma upya. Nani alikufa kwako? Kama kwamba mtu hana haki ya kukasirika mpaka kwanza aletewe maiti nyumbani. Siku ile alitoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Tangu hapo alikaa na meza ndogo karibu na soko, akiwaandikia watu barua. Barua yake ya kwanza aliiandika kwa ajili ya Ng'washi, akaipeleka pamoja naye katika ofisi iliyohusika na barabara. Walikalishwa kwenye benchi la baraza tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Ng'washi hakuomba hata maji. Mwishowe Mzungu mmoja kijana alitoka, akaichukua barua, akaisoma akiwa anatembea. Alisema barabara ile ilijengwa na wataalamu. Alisema tatizo ni kwamba madereva Waafrika hawajazoea mashine. Hata hivyo, kwa huruma, ataweka kibao.

Kibao kiliwekwa kweli. Kilikuwa cha mbao, juu ya mguu mmoja, chenye neno moja la Kiingereza la kumwambia mtu apunguze mwendo. Madereva wengi wa njia ile hawakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Mbuzi walikipenda sana kwa kujikunia. Masika yalipofika kilianguka, na mtu mmoja akakichukua akazibia mlango wa banda la kuku. Nkwabi alipokiona kule bandani, kimegeuzwa maandishi chini juu, alicheka kicheko ambacho kilimtisha mwenye kuku.

Mwisho wa mwaka 1958 mtu alikuja pale mezani kwake sokoni asubuhi, akasimama bila kusalimu. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Ilimchukua Nkwabi muda kumtambua. Alikuwa Bilali.

"Nimetoka jana," Bilali alisema. "Nimekuja kukutazama tu. Mdomo wako ndio ulionifunga. Mimi nilisema mengi, na najua hukuyafikisha. Wenzangu kule ndani wameniambia: mkalimani yule huwa anakata."

"Ya kwako niliyafikisha yote," alisema Nkwabi. "Waulize waliokuwepo. Ndiyo maana nimekaa hapa na si kule."

"Na ya wale wengine?"

Nkwabi angeweza kusema uongo. Hakuna ambaye angejua. Lakini midomo yake ilikuwa imechoka.

"Ya wale wengine niliyakata," alisema. "Wote sita."

Bilali aliiweka mikono yake miwili juu ya meza, juu ya karatasi, viganja juu.

"Miezi kumi na minane nagonga mawe," alisema. "Tazama. Sita mara miezi hiyo. Piga hesabu wewe uliyesoma." Akaondoka, na karatasi zikabaki na vumbi la viganja vyake.

Siku ile Nkwabi hakuandika barua ya mtu yeyote. Hasira aliyokuwa akiwaelekezea Wazungu kwa mwaka mzima ilikuwa imemgeukia, nayo haikujua adabu. Ilimfuata nyumbani. Ilimkalisha mezani bila kula. Alikuwa amejiona mtu aliyepoteza kazi kwa ajili ya haki, kumbe alikuwa mtu aliyeanza kusema kweli mara ya saba.

Uhuru ukaja. Desemba ya mwaka 1961 Mwanza haikulala kwa ngoma, na watu waliingia mjini kutoka kila upande kwa miguu, kwa meli na kwa malori. Asubuhi ya kesho yake lori moja lilitoka mjini likirudisha watu Misungwi. Walikuwa wakiimba, wengine walikuwa na bendera ndogo za karatasi. Pale Kiboko lilikutana na basi. Waliokufa walikuwa wanne, na waliovunjika viungo hawakuhesabika vizuri. Safari hii dereva wa lori naye alikufa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumfunga.

Nkwabi alifika saa nne kwa baiskeli. Alimkuta Ng'washi amekaa chini, amempakata mwanamke asiyemjua aliyekuwa bado anapumua, anampepea kwa kibendera.

"Shikamoo, mayu," Nkwabi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba," alijibu bila kuinua macho. "Umekuja kuandika barua nyingine?"

Hata hivyo aliiandika. Aliipeleka ofisi ileile, benchi lilelile. Safari hii aliyetoka alikuwa Mwafrika, kijana mwenye suti mpya na uso mzuri, aliyempa mkono na kumwita ndugu. Nkwabi alihisi kifua kinapungua uzito. Kisha yule ofisa akaanza kusema. Serikali ni changa, ndugu. Mambo ni mengi. Vuteni subira. Tena tuseme ukweli, ndugu, madereva wetu hawana nidhamu.

"Maneno ni yaleyale," Nkwabi alisema akisimama. "Tofauti ni kwamba sasa hayahitaji mkalimani."

"Ndugu, chunga ulimi wako."

"Nimeuchunga miaka sita. Watu sita wakafungwa kwa ajili ya huko kuuchunga."

Aliondoka pale akasukuma baiskeli badala ya kuipanda, mpaka gati la meli ambako Bilali alikuwa kuli wa kupakia magunia. Walikuwa hawajasemezana miaka mitatu.

"Lile jiwe," Nkwabi alisema bila salamu, "linavunjika?"

Bilali alitua gunia. Alifuta jasho, akafikiri.

"Jiwe lolote linavunjika," alisema. "Kwa baruti ni siku moja. Bila baruti ni kuni, maji na matusi. Kule machimboni tulikuwa tunalipasha moto tangu alfajiri mpaka linalia, halafu unalimwagia maji baridi. Linapasuka lenyewe. Kisha nyundo na mitalimbo."

"Utanionyesha?"

"Sikufanyii wewe," Bilali alisema.

"Sijasema ufanye kwa ajili yangu."

Walianza Januari. Siku ya kwanza walikuwa watatu, pamoja na Ng'washi, na kuni za baiskeli moja. Walikoka moto ubavuni mwa Kiboko, wakaulisha mpaka adhuhuri. Bilali alikaa amechuchumaa, ameweka sikio. "Sasa," alisema. Wakamwaga maji. Jiwe lilitoa mlio kama wa bunduki, na gamba la ukubwa wa mlango likaachana na mwili na kuteleza chini. Ng'washi alilitazama, akaliendea, akalipiga teke kwa unyayo mtupu. Kisha akaingia kijijini kwenda kuwaita watu.

Wiki ya pili walikuwa arobaini. Wiki ya nne hawakuhesabiwa. Wanaume walileta kuni kwa mikokoteni ya ng'ombe, wanawake walipanga mstari wa ndoo kutoka kisimani. Madereva walisimamisha malori, wakashuka, wakavua mashati, wakapiga nyundo kwa nusu saa kisha wakaendelea na safari. Wilhelmina alikuja Jumamosi moja na sufuria kubwa la ugali na dagaa. Hakusema kitu kuhusu kazi ya serikali. Aliwagawia watu chakula, kisha akajifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo.

Katika wiki ya tano yule ofisa alikuja na askari wawili. Alishuka garini akiwa amefunika pua kwa leso kwa sababu ya moshi.

"Nani ametoa ruhusa ya kuchezea barabara ya umma?" aliuliza.

Watu waliacha kupiga. Nkwabi alitaka kujibu, lakini Ng'washi alikuwa amekwisha kupita mbele yake, ndoo ingali kichwani. Alisema Kiswahili chake cha kuvunjika, polepole, ili asihitaji mtu wa kati.

"Wewe kijana. Mtoto wangu alipokufa hapa, nani alitoa ruhusa?"

Askari mmoja, mtu wa Ukerewe mwenye mvi, alitazama pembeni. Ng'washi alishusha ndoo, akaimwaga yote juu ya jiwe lililokuwa limeiva kwa moto. Lililia, likatema mvuke usoni mwa wote. Gari lilipogeuka kurudi mjini, hakuna aliyeshangilia. Walirudi kupiga tu, na walipiga kwa hasira zaidi kuliko jana.

Katikati ya Machi anayetoka Mwanza alimwona anayetoka Misungwi kutoka mbali kama hatua mia tatu. Vipande vya Kiboko walivijaza korongoni, na njia ikapata ukingo wa watembea kwa miguu. Mwezi mmoja baadaye yule ofisa alirudi na hotuba na mpiga picha. Alieleza jinsi ofisi yake ilivyoliondoa jiwe lile kwa kushirikiana na wananchi. Nkwabi alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alimsikia mtu fulani akipiga makofi, akageuka kumtazama kwa macho ambayo yule mtu hakuyasahau.

Kuhusu leseni ya Bilali, Nkwabi aliandika barua nne. Jibu lilikuwa moja: hukumu ilitolewa kihalali, nayo inasimama. Jiwe limeondoka, hukumu imebaki. Bilali alibeba magunia mpaka mgongo wake ukapinda.

Ndipo Nkwabi alipoanza kuwatafuta wale sita. Hakumwambia mtu kwa nini, na pengine hakujua vizuri yeye mwenyewe. Wawili walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwa amehamia Kenya, habari zake hazikupatikana. Mmoja huko Shinyanga alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante, jambo lililomuumiza kuliko tusi. Mwingine alimfukuza kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Wa sita, Makame, aliishi Nansio, kisiwani Ukerewe, akitengeneza nyavu. Nkwabi alivuka kwa meli, akauliza njia, akamkuta nje ya nyumba yake amenyoosha miguu, wavu magotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe.

Nkwabi alijitambulisha, akaeleza. Makame hakuacha kushona.

"Mwaka 1953," alisema Makame. "Nakukumbuka. Ulikuwa na koti kubwa kuliko wewe." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Unasema uliyakata maneno yangu."

"Ndiyo."

"Basi yaseme sasa. Yale uliyoyakata. Nataka kuyasikia."

Nkwabi alitafuta kichwani mwake. Alikuta kalamu ikigonga meza. Alikuta joto la chumba, na njaa ya saa sita na nusu. Maneno yenyewe hakuyakuta.

"Siyakumbuki," alisema.

Makame aliuweka wavu chini.

"Mimi nayakumbuka," alisema. "Nimekuwa nikiyasema kila siku kwa miaka kumi, peke yangu, kama mwendawazimu. Kaa chini."

Nkwabi alikaa juu ya mchanga. Makame alianza tangu alipoamka siku ile, hali ya breki, jina la utingo wake, mvua iliyonyesha usiku wake, mchanga, mteremko, mtoto aliyekimbiza mbuzi kutoka nyuma ya jiwe. Alisema mpaka jua lilipohama ukuta. Mkewe alitoka, akasimama mlangoni, akarudi ndani kimya. Nkwabi hakukatiza hata mara moja.

"Nimemaliza," Makame alisema mwishoni, akachukua wavu wake. "Meli ya kurudi inaondoka saa tisa. Nenda, usije ukaikosa, kwa maana hapa kwangu hulali."